Utepe wa Dizeli

Benchi letu liko barazani mwa duka la Loretta, pembeni ya pampu ya mafuta ambayo haijatoa hata tone tangu mgodi ufungwe. Hapo ndipo bonde zima la Harlow Fork linapokuja kunywa kahawa na kusemana. Siku nyingine zote benchi ni letu, lakini Jumamosi ile ya Oktoba watu wa mbio walikuwa wamelifanya kituo chao cha mwisho. Mbio zenyewe ni maili hamsini, milima kwa milima, ndani ya msitu, na watu wazima wenye akili zao wanaomba wenyewe kuzikimbia. Tangu adhuhuri walipita hapa wakila viazi vya chumvi na kunywa maji ya achari, matope mpaka kiunoni, wanatushukuru utadhani tumewatoa motoni. Alasiri upepo ukaangusha majani yote yaliyokuwa yamebaki, mvua ikafuata, halafu ukungu ukashuka na kukaa. Jioni ilipokaribia, wote walikuwa wameshapita isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni Twyla, binti wa Dizeli, ambaye hajawahi kukimbia mbio kama hizi maishani mwake. Dizeli mwenyewe alikuwa amekaa kati yetu, mahali pake pa siku zote, anajifanya amefuata kahawa.

Wa kwanza kusema alikuwa Shemasi. Jina lake hasa ni Orrin. Ushemasi aliuacha zamani baada ya kugombana na kwaya, ila jina na methali vilimganda.

Shemasi: Mimi nilisema. Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Sasa we Shemasi, mtu kachelewa. Haraka iko wapi hapo?

Shemasi: Ndiyo hiyohiyo. Angekwenda polepole, saa hizi angeshafika.

Dizeli: Mtu mzima na mvi zake zimeanza, anaamka alfajiri anavaa kaptula. Nikamwuliza, we Twyla, nani anakukimbiza? Ananijibu, hakuna mtu, baba. Sasa kama hakuna mtu, si ukae?

Akakohoa kile kikohozi chake. Aliendesha lori la makaa ya mawe ujana wake wote, ndiyo maana tunamwita Dizeli, na vumbi lilimbakia kifuani. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea mazikoni, limepigwa pasi, na mfuko wa koti umetuna. Mle ndani mlikuwa na mkate wa nyama umefungwa kwenye karatasi ya foili. Aliununua kwa Loretta asubuhi akasema ni wa kwake, na mpaka muda ule hakuwa ameugusa. Mimi niliendesha basi la shule la bonde hili, nimembeba Twyla tangu hajaota meno ya mbele, na najua mkate ule ndio aliokuwa akiupenda.

Redio: Kimya jamani! Zimamoto wanaongea.

Huyu tunamwita Redio kwa sababu hatembei bila kile kiredio cha kunasia mazungumzo ya polisi na zimamoto. Kinasikia kila mtu na hakisikiwi na yeyote, sawa na mwenyewe nyumbani kwake. Tukakisogelea. Kikakoroma, kikatema maneno mawili matatu, kikakoroma tena.

Redio: Wako upande wa kanisa. Wameipita njia yote mara ya pili. Hawajamwona.

Dizeli: Wamwite kwa sauti.

Redio: Wanamwita, kaka.

Dizeli: Wazidishe. Yule anaziba masikio na yale madude ya muziki.

Alitaka kwenda mwenyewe tangu mapema, lakini mkuu wa zimamoto alimkataza mbele yetu sote. Kwa kifua hicho, alimwambia, nitakuwa natafuta watu wawili. Kaa hapa, binti akitokea akukute. Dizeli akakaa. Sijawahi kumwona Dizeli akitii amri ya mtu, na ile peke yake ilinitia baridi.

Loretta akatoka na birika lake kubwa, akatumiminia bila kuuliza nani anataka.

Loretta: Itakuwa amekaa mahali anajificha mvua. Twyla si mjinga.

Shemasi: Au kachoka, kashuka barabarani, kapewa lifti. Muda huu yuko Ohio kwa shangazi yake anakula maharage. Msafiri kafiri.

Mimi: Na gari lake je? Si lile pale limeegeshwa?

Shemasi: Gari! Mtu akichoka kabisa anakumbuka gari?

Redio: Nyie hamjui mambo. Dubu. Mwaka huu karanga za mwaloni zimekosekana, dubu wana njaa. Nimesikia hapahapa kwenye hiki kidude, dubu kaingia jikoni kwa mtu kafungua jokofu.

Loretta: Akachukua nini?

Redio: Siagi.

Loretta: Basi kama alitaka siagi, Twyla hana.

Redio: We cheka tu. Halafu kuna yale mashimo ya mgodi wa chini ya ardhi. Serikali haikuyafukia yote. Mengine wanayatumia.

Mimi: Nani anayatumia?

Redio: Ungekuwa unajua, ungekuwa umekaa hapa?

Shemasi: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mimi: Inahusiana nini na mashimo?

Shemasi: Fikiria utaona.

Nilifikiria, sikuona. Lakini nawajua hawa. Mtu akikaa kimya kwenye benchi letu ujue ameogopa, na mtu akisema upuuzi ujue ameogopa zaidi. Redio akavuta kofia yake chini, akaingia kwenye nadharia yake ya mwisho.

Redio: Nimesoma mahali. Mtu akikimbia maili nyingi hivyo, akili inamtoka. Anaona vitu. Anaona nyumba mahali hamna nyumba. Anaona watu wake waliokufa wanamwita, anaacha njia anawafuata. Sasa Twyla alianza mambo haya ya kukimbia lini? Si baada ya kumzika mama yake? Basi mimi nasema...

Loretta: Redio.

Redio: Nasema tu kwamba...

Loretta: Redio, kunywa kahawa yako.

Redio akanywa. Dizeli alikuwa anatazama mlima, yaani pale mlima ungekuwa kama ukungu usingekuwapo. Akakiweka kikombe chake gotini. Nilimhurumia, na nikamkasirikia pia, maana nilijua jinsi walivyoachana na binti yake. Jioni ya kabla ya mbio Twyla alimwuliza, baba, nitakapopita kwa Loretta utakuwepo? Akamjibu, mimi huwa niko kwa Loretta kila siku. Hakumtakia heri. Twyla aliyasimulia haya hapa barazani alfajiri akifunga kamba za viatu, akingoja basi la kuwapeleka pa kuanzia, akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Shemasi, kwa nia njema, akajaribu kumtoa rafiki yake kwenye mawazo.

Shemasi: Dizeli, msitu ule mimi naujua. Ningeingia sasa hivi ningemkuta.

Dizeli: Unaujua? Wewe? Waambie wenzio ulivyoujua mwaka ule.

Shemasi: Nilikuwa natafuta uyoga.

Dizeli: Uyoga Novemba!

Hapo inabidi niseme jambo moja. Kwetu kila mwindaji ana pahali pake pa kungojea kulungu, na pahali hapo ni siri. Hamwambii ndugu yake, hamwambii mke. Ukimwona mtu anaingia msituni na upinde wake, unageuza uso, unatazama barabara mpaka apotee. Mtoto anafundishwa heshima hiyo mapema kuliko sala. Shemasi aliivunja mara moja, na Dizeli hajamwachia mpaka leo.

Dizeli: Ulifuata tepe zangu za mitini kama ng'ombe anafuata chumvi. Ukafika wapi?

Shemasi: Unajua nilifika wapi.

Dizeli: Sema, Redio asikie.

Shemasi: Ukingoni mwa machimbo.

Redio alicheka mpaka kiredio kikateleza. Hata Dizeli akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. Machimbo yale ni pale kampuni ilipokata mlima kuchukua makaa kisha ikaondoka, ikaacha ukuta wa mwamba unaoshuka wima. Tepe za Dizeli ni za kudanganya. Zinamchukua mwizi kwenye mwinuko, zinamvusha kijito, zinampandisha tena, halafu zinamwacha pale ukingoni anatazama hewa. Pahali pake penyewe pako kwingine, na kule anakwenda bila alama yoyote.

Dizeli: Nani mjinga afunge utepe mpaka mlangoni kwake?

Shemasi: Njia ya mwongo ni fupi, Dizeli.

Dizeli: Yangu ina maili mbili.

Tukacheka tena, cheko fupi, likafa lenyewe. Mvua ikaongezeka juu ya bati. Loretta akarudi ndani, nikamsikia anagonga birika kwa kijiko kupima kilichobaki.

Ndipo mtu akatokea kwenye ukungu upande wa njia ya msituni. Dizeli alisimama haraka, kahawa ikamwagikia shati. Hakuwa Twyla. Alikuwa mama mmoja mwembamba, nywele za mvi zimelowa zikamganda usoni, amevaa kizibao cha njano cha watu wa mbio. Mtu huyu wanamwita mfagiaji. Kazi yake ni kutembea nyuma ya wakimbiaji wote, kuondoa tepe walizowekewa za kuwaonyesha njia, na kuhakikisha hakuna aliyebaki. Hakuwa mtu wa huku. Alitusalimu, akaomba kitu cha moto, na Loretta akatoka kumkamulia birika.

Loretta: Ndiyo ya mwisho hiyo, dada. Hukumwona?

Mfagiaji: Sijamwona. Nimepiga kelele njia nzima. Samahani, baba yake yuko hapa?

Hakuna aliyemwonyesha. Dizeli alinyanyua kidole tu.

Mfagiaji: Pole sana, mzee. Kuna kitu nataka kuwauliza wenyeji. Nimekiona nikashindwa kukielewa.

Akafungua begi lake, akatoa furushi la tepe za rangi ya chungwa, akaliweka benchini. Kisha akatoa furushi la pili, rangi ileile, akaliweka kando ya la kwanza.

Mfagiaji: Hizi ni zetu. Mnaona, kila moja ina kibanio cha nguo. Hatufungi, tunabana tu, ili kuziondoa kuwe rahisi. Pale kwenye mwaloni ulioanguka njia inakata kushoto, na upepo ulikuwa umezipeperusha zetu zote. Nimeziokota chini kwenye majani. Lakini kulia kulikuwa na hizi nyingine, zimekaa imara mitini, zinapanda. Hazikubanwa. Zimefungwa fundo mara mbili.

Nilitazama fundo lile. Redio akalitazama. Tumeliona miaka yote kwenye turubai la lori, kwenye kamba ya mbwa, kwenye mfuko wa takataka. Hapa bondeni ni mtu mmoja anayefunga hivyo.

Dizeli: Mbio hazipiti mwalonini. Zinapita njia ya zamani ya reli.

Loretta: Dizeli, daraja la reli lilichukuliwa na maji. Mwaka huu wamepita mwalonini. Ramani imebandikwa hapo mlangoni mwezi mzima.

Dizeli: Sikuiangalia.

Loretta: Twyla si alikupelekea yako?

Dizeli: Niliweka kikombe juu yake.

Mimi: Na tepe zako si za buluu siku zote? Umeanza lini chungwa?

Alijibu Loretta, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka tukainama kumsikia.

Loretta: Buluu ziliniishia. Watu wa mbio waliagiza chungwa kwangu, ikabaki rola moja. Nikampa yeye. Alisema macho yake siku hizi hayaoni buluu vizuri.

Nilimwona Twyla kama nilivyokuwa nikimwona kwenye kioo cha basi, kichwa kimeegemea dirisha. Yuko peke yake, amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, majani yamefunika njia, ukungu umefunika majani, na kitu pekee kinachomwambia aende wapi ni kitambaa cha chungwa. Anakiona. Anakishukuru. Anakwenda.

Mfagiaji: Kwa hiyo ni za kwako, mzee? Basi vizuri, unajua zinakoelekea. Zinaelekea wapi?

Dizeli alitutazama mmoja mmoja. Naapa kwamba kwa nukta moja nilimwona akipima nani anasikia, ile tabia ya maisha yote. Kisha ikamtoka.

Dizeli: Haziendi popote, mama. Zinaishia ukingoni mwa machimbo. Nilizifunga ziishie pale makusudi, mtu apotee.

Mama yule akaweka kikombe chini. Alikuwa hajui habari za siri za wawindaji, wala uyoga wa Shemasi, wala kicheko tulichokuwa tumemaliza kucheka. Alikuwa anatafuta mtu tu.

Mfagiaji: Sawa. Akifika pale ataona hakuna njia, atageuka. Mimi nilizifuata mpaka kwenye kijito, nikaita, maji yalikuwa yamejaa sikuvuka. Nikarudi nikiziondoa zote, ili asipotezwe mtu mwingine. Sasa nawauliza nyie wenyeji. Kutoka kule juu, anarudije?

Tuliangalia lile furushi la pili pale benchini. Mfagiaji mwenyewe aliliangalia mwisho, na nilimwona anapoelewa, mkono ukapanda mdomoni.

Shemasi, ambaye ana methali ya ndoa, ya msiba, na ya gari lililokataa kuwaka, alifungua mdomo, ukakaa wazi, akaufunga. Redio alizima kiredio chake. Loretta alikimbilia ndani kwenye simu, tukamsikia anamwambia mkuu wa zimamoto, machimbo, jamani, nendeni machimbo, acheni kanisa.

Dizeli aliokota zile tepe. Aliziokota zote, mpaka moja iliyoanguka chini ya benchi, akazisokomeza kwenye mfuko wenye mkate. Akashuka barazani.

Mimi: Dizeli, kifua chako. Mkuu alisema...

Dizeli: Ningekuwa nasikia ninayoambiwa, tungekuwa hapa?

Tukamfuata. Nilichukua tochi dukani, Redio akachukua kamba, mfagiaji akaja nyuma yetu analia bila sauti. Giza lilikuwa bado halijashika lakini chini ya miti lilikuwa limeshaanza. Dizeli alitembea mbele, anakohoa, anaita, Twyla, we Twyla, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika mkewe.

Tulipofika mwalonini akasimama, akatoa utepe wa kwanza, akatafuta tawi kwa vidole maana macho hayakumsaidia. Shemasi alikuwa karibu naye kuliko sisi. Na kwa mazoea tu, kama alivyofundishwa na baba yake na baba wa baba yake, mtu akiweka alama yake msituni, Shemasi aligeuza uso akatazama pembeni.

Dizeli akamshika shavu kwa mkono wake uliolowa, akamgeuza.

Dizeli: Angalia, Orrin. Angalia vizuri, na unishikie tawi.

Akafunga fundo mara mbili, akavuta kuona kama limeshika, akapanda mlima kuufuata mti wa pili.